Ukurasa wa Pili Ulikuwa Kwenye Kioo cha Bafu Langu

Mwenye kucheka acheke sasa hivi amalize kabisa, maana nikishaanza kusimulia sitaki kuona jino la mtu. Mwalo mzima, wavuvi, wachuuzi wa samaki, mpaka bata wa Mama Kulwa, wote waliniona nilivyo (nikisema nilivyo namaanisha nilivyo, kama mama alivyonizaa, tofauti ni povu tu), na miaka imepita lakini nikikumbuka mishipa ya shingo inanisimama kama kamba ya nyavu. Wenzangu wakiaibika wanalia. Mimi napandwa na hasira, natamani nimkamate mtu nimtikise mpaka meno yadondoke, na mtu mwenyewe ni mzee wa watu, meno yenyewe hana.

Kwanza mjue nilikuwa naishi kwenye gari. Siyo umaskini, msiniangalie hivyo! Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mtu anafanya biashara, sangara anapanda ndege kwenda Ulaya wakati sisi tunaomvua hatujafika hata Shinyanga, na bosi wangu alikuwa ananunua samaki kwa ajili ya kiwanda cha minofu, mimi ndiye mtu wake pale mwaloni, napokea samaki, nalinda barafu, natukana wanaochelewa. Sasa kuna Wazungu wawili, mume na mke, walikuja na gari lao wakitokea Nairobi kwa kupitia Musoma, gari refu kama treni, ndani kuna kitanda, kuna jiko, kuna kabati, kuna bafu. Injini ikawafia hapa hapa Mwanza, wakalichoka, bosi akalichukua, akalivuta kwa trekta mpaka ziwani akaniambia, "Bujiku, hii ndiyo ofisi, na ndiyo nyumba yako." Basi mimi nikawa mtu wa kwanza ukanda wote wa ziwa kulala ndani ya gari bila ya kuwa safarini.

Lakini hao Wazungu, Mungu awasamehe, mimi bado. Nani aliwaambia bafu linahitaji dirisha? Unaoga huku unatafuta nini nje? Na siyo kidirisha, ni dirisha kama la benki, linaanzia mapajani linakwenda mpaka juu ya kichwa, halafu kwenye paa wameweka kioo kingine cha kuingiza mwanga, yaani ukisimama pale kuoga unang'aa kama biashara ya dukani. Mwanzoni haikuwa shida, kioo chake kilikuwa cha ukungu, mtu wa nje anaona kivuli tu. Siku moja mvuvi mmoja akageuka na kasia begani bila kuangalia nyuma, pwaa! kioo chini. Bosi akaleta fundi kutoka mjini, fundi akaweka kioo kingine safi kama maji ya mvua, akakifuta na shati lake, akanipa mkono, akaondoka zake anapiga mluzi. Huyo fundi naye ninaye rohoni. Na matairi ya lile gari yalishazama mchangani, kwa hiyo mtu akisimama nje, dirisha linamjia sawasawa na uso.

Ningeweza kuoga ziwani kama binadamu wengine. Tatizo lilikuwa Kabula.

Kabula alikuwa msichana wa Misungwi, na mimi kumpata Kabula nilikuwa tayari nihame dini, nihame kabila, niache hata ugoro. Alikuwa akija mwaloni kununua dagaa, akicheka, mimi nasahau kuhesabu samaki. Tukakubaliana, nikatuma wazee, wazee wakapokelewa vizuri, ikabaki kitu kimoja, watu wa kwao waje waone ninapoishi. Kwa kawaida anakuja mjomba na mzee mwingine mmoja, wanakula kuku, wanaondoka. Lakini mimi na huu mdomo wangu nilikuwa nimeshatuma habari kwamba nyumba yangu ina bafu ndani. Bafu ndani! Misungwi nzima ikasikia. Mama yake Kabula akasema hilo lazima alione kwa macho yake, na yeye atakuja.

Sasa wasiotujua Wasukuma nieleze. Mama mkwe kwetu siyo mtu wa kuzoeana naye. Mkikutana njiani, unapisha, unaingia porini hata kama kuna miiba. Mkono hampeani. Kumtazama usoni ni utovu wa adabu. Hapo ni wewe umevaa suruali, shati na mkanda.

Siku moja kabla ya ugeni, Mama Kulwa, yule mama lishe jirani yangu, akapita akaona kile kioo. Akashika kiuno. "Bujiku baba, hapo utaziba na nini?"

"Nitajua mwenyewe."

"Chukua kitenge changu hiki utundike. Nitakuja kukichukua wakishaondoka."

Ningesema asante, leo nisingekuwa na la kusimulia. Nikamwambia, "Mama Kulwa, mimi nitundike kitenge kama bafu la mabua? Wakwe waje waone kitenge? Mimi naweka gazeti. Wakiona gazeti watajua binti yao amepata msomi."

Mama Kulwa akaniangalia. "Msomi wa wapi, wewe? Shule ulikwenda kuiba maembe."

Ni kweli, lakini inakuhusu nini? Dereva wa lori la barafu alikuwa ameniachia gazeti zima kutoka mjini, siku hizo magazeti yalikuwa yanazaliwa kila wiki kama kuku, mengine ya siasa, mengine ya fumanizi tupu, nikachagua karatasi lenye picha kubwa kuliko zote, nikaomba uji wa muhogo kwa huyo huyo Mama Kulwa (alinipa, kwa kusonya), nikabandika. Na nikabandika kwa nje. Kwa akili yangu, ndani maji yatalilowesha. Nikarudi nyuma nikatazama, nikajipongeza. Kumbe nimelibandika kichwa chini miguu juu! Mimi ningejuaje, picha yenyewe ilikuwa ya gunia.

Siku ya ugeni ikafika. Wageni walisema alasiri, mimi saa sita nimeshachemsha maji, suti yangu ya mtumba nimeitundika chumbani, taulo lipo juu ya kitanda, kuku yuko kwa Mama Kulwa anaiva. Naingia bafuni na ndoo yangu. Najimwagia, najipaka sabuni kuanzia kichwani, nasikia watu nje wanasogea. Kwanza wawili watatu, halafu sauti zikawa nyingi. Nikasema moyoni, eeh, gazeti limewafurahisha. Povu limejaa machoni lakini roho imetulia.

Sasa ule mwalo wetu gazeti lilikuwa linafika kwa nadra kuliko mkuu wa mkoa, na likifika lazima Mzee Lubango alisome kwa sauti watu wote wasikie. Huyo ndiye mzee niliyewaambia hana meno. Alifanya kazi bandarini zamani, alijua kusoma, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, akianza habari haiachi njiani. Hapo ameinamisha shingo ubavuni kama kuku anayemtazama mwewe, maana gazeti liko kichwa chini, anasoma:

"Tajiri huyo, ambaye mkewe alimtafuta siku tatu, alijificha ndani ya ghala la unga la mwanamke huyo..."

"Eeeh!" watu wakaitika.

"Mke akafika na ndugu zake, wakasukuma mlango. Mlango ulipofunguka, kila mtu alishika mdomo kwa mshangao, kwani mheshimiwa huyo alikutwa..."

"Alikutwaje, mzee?"

"Inaendelea ukurasa wa pili."

Mimi ndani na sabuni yangu nilicheka! Nilicheka kwa sauti! Mjinga mimi, sikufikiria ukurasa wa pili uko wapi. Ukurasa wa pili ulikuwa upande wa nyuma wa karatasi lile lile, umelala juu ya kioo, na nyuma ya kioo niko mimi.

Mtu akasema, "Bandua, mzee."

"Nibandue nilichane? Hapana," akasema Mzee Lubango, yule shetani mtaratibu. "Ni uji huu. Leteni maji, ukilowa unaachia wenyewe."

Nikasikia maji yanamwagwa kwenye ubavu wa gari. Nikadhani wananioshea nyumba kwa heshima ya wageni! Nikapaza sauti, "Asanteni ndugu zangu!" Na hapo hapo, mnajua kilichotokea? Gari dogo la mizigo likafika kutoka Misungwi, wageni wamewahi, wanaona umati umezunguka nyumba yangu, wakajua ndiyo mapokezi. Mama akateremka na mjomba. Na watu wa mwaloni ni watu wenye adabu sana wakati usiotakiwa. Nikasikia mtu anasema, "Mpisheni mama mgeni jamani, sukumaneni huko, mama apite mbele aone vizuri."

Mama akapita mbele. Akaona vizuri.

Karatasi liliachia polepole, kutoka juu kwenda chini, kama pazia la harusi. Mimi nilihisi tu mwanga umeongezeka. Nikajifuta povu kwenye jicho moja nione kuna nini, nikakuta macho yasiyopungua elfu kumi, na katikati yake, karibu na kioo kiasi cha kukipulizia ukungu, macho ya mama mmoja aliyevaa kilemba cha bluu.

Mzee Lubango ndiye pekee ambaye hakuwa ananitazama, alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili anatafuta mstari.

Nikageuka. Kugeuka kwenyewe ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Nikakimbilia mlango wa bafu, ule mlango ukipata mvuke ulikuwa unavimba, ukagoma. Nikavuta, kitasa kikabaki mkononi. Nikashika ndoo, ndoo ina maji ya moto, nikaitupa. Basi akili ikaniambia ziba dirisha, na kitu pekee nilichokuwa nacho cha kulizibia dirisha ni mimi mwenyewe. Nikaegemea kioo kwa mgongo. Kwa mgongo na vyote vinavyofuata chini ya mgongo. Hapo ndipo umati ukapata sauti, kelele zile nadhani zilisikika Ukerewe, wanaume wanalala chini mchangani wanapiga miguu, na mimi ndani natukana, nilimtukana Mzungu, nikamtukana fundi, nikamtukana aliyebuni kioo, aliyebuni gazeti, aliyebuni kusoma!

Kisha ghafla bafu likaingia giza. Mama Kulwa alikuwa amekuja mbio na kile kitenge, amekitupia dirishani kwa nje na kukishikilia kwa mikono yote miwili, anawafokea, "Ondokeni! Kwenu hamna wanaume wanaooga?"

Umati ukapungua. Nikasikia mtu anagonga ubavu wa gari, taratibu.

"Bujiku."

"Naam."

"Mimi ni mjomba wake Kabula. Tumefika."

"Shikamoo mjomba. Karibuni."

"Marahaba. Tumeshakaribia, karibu zaidi ya hapa hakuna. Usitoke."

Nikajitetea, nikasema bafu ni zuri, tatizo ni dirisha. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema, "Bujiku, mtu asiyejua kujisitiri mwenyewe, mtoto wetu atamsitiri na nini? Na gazeti?"

Nikamwuliza, na hapo sauti yangu ilikuwa imeshapungua, "Mama anasemaje?"

"Dada yangu yuko ndani ya gari, amejifunika kichwa. Amesema mtoto wake hataoga humo. Jenga bafu la ukuta. Likisimama, tuite. Lisiposimama, usituite."

Wakaondoka. Kuku hawakumgusa. Alikula Mzee Lubango, akanyonya mpaka mifupa, na huku anakula ananiambia karatasi lilichanika pale pale palipokuwa na neno lenyewe, kwa hiyo hajui tajiri alikutwaje, anasikitika sana. Anasikitika yeye!

Nilijenga kwa hasira. Mawe ya Mwanza mnayajua, ni sisi na mawe, nilipasua mawe mchana nikiwataja kwa majina wote niliowataja hapa, jiwe hili la Mzungu, hili la fundi, lile kubwa la Mzee Lubango, na kila aliyepita aliniuliza, "Bujiku, ukurasa wa tatu lini?" nami nikampasulia yeye jiwe lake. Likasimama bafu la mawe, kuta nene, mlango mmoja wa mbao. Nikawaita. Mjomba akaingia, akapapasa ukuta huku na huku, akatoka. Mama alisimama mbali, amenipa mgongo, na mimi nimempa mgongo, Kabula katikati anapeleka maneno.

"Mama anauliza, mbona humo ndani giza kama pango?"

"Mwambie mama ndivyo nilivyotaka."

Nikasikia kitu nyuma yangu kama kikohozi. Kabula anasema mpaka leo kwamba mama yake alikuwa anacheka. Mimi nasema kilikuwa kikohozi.

Nikamwoa. Leo tuna nyumba ya tofali Buswelu, na fundi aliyenijengea aliponiuliza dirisha la bafu likae upande gani nilimfukuza na jembe mpaka barabarani, akarudi kesho yake kuomba radhi bila kujua kosa lake. Bafu langu halina dirisha, halitakuwa nalo, na gazeti likiingia kwangu linachomwa kabla halijafunguliwa. Na siku ya harusi yetu, kati ya vyungu na mikeka, mama mkwe alimpa Kabula kitenge kipya, cha bluu, kizito, hakijashonwa, akasema ni changu, nikitundike dirishani. Dirisha lenyewe sina. Nilikitundika hivyo hivyo, ukutani.