Mara ya Kumi na Moja Akapokea

Kaka yangu alipokea simu yangu baada ya miaka mitatu, na mimi nikamjibu kwa maneno ya kuandikiwa.

Usicheke kwanza, nikueleze.

Yalikuwa mashindano ya filamu fupi. Mnapewa saa arobaini na nane, Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni, muandike, mrekodi, mhariri, mkabidhi. Na ili mtu asije na filamu ya mwaka jana, kila kundi linapewa sentensi moja ambayo lazima isikike.

Yetu ilikuwa: "Nimechoka, njoo unichukue."

Mimi kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi. Ijumaa nilisimama kutwa, Jumamosi nikaigiza kutwa, na Jumapili mchana miguu ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Sentensi ile sikuhitaji hata kuikariri.

Tulikuwa chumbani kwa shangazi yake Chifu, mwongozaji wetu. Tunamwita Chifu kwa sababu anaamrisha hata akiomba maji.

Kipande chenyewe kilikuwa rahisi. Dada anampigia ndugu yake aliyemnunia, simu inaita hadi inakatika, naye anaisema ile sentensi peke yake.

"Piga namba ya kweli," Chifu akasema. "Nataka mlio usikike. Tafuta mtu asiyepokea."

Mtu asiyepokea ninaye.

Siku mama alipozidiwa, kaka alinitafuta kutwa. Nilikuwa nimezima simu, niko kwenye filamu nyingine, nalia kwenye msiba wa kuigiza. Nilipowasha, msiba ulikuwa wetu.

Kaka aliniambia maneno mawili tu: "Endelea kuigiza."

Tangu hapo nikipiga hapokei. Nilishawaambia watu wote kwamba ametia pamba masikioni.

Basi nikapiga. Ilipoita mara mbili, kwa mazoea, nikakata.

"Unakata nini?" Chifu akafoka. "Iache iite mpaka ijikatie yenyewe."

Tukarudia. Mara taa imedondoka, mara jirani anakohoa, mara mimi nimekaa vibaya. Tulifika mara kumi, nami nikawa najikaza kisabuni tu, sina tena uso wa kuigizia.

Mara ya kumi na moja mlio ukakatika katikati.

"Haloo?"

Ni yeye. Nikamtazama Chifu. Akazungusha kidole: endelea.

"Nimechoka," nikasema. "Njoo unichukue."

Nilisikia anavyopumua.

"Uko wapi?"

Hilo halikuwa kwenye maandishi. Nikamtajia mtaa, nyumba, rangi ya mlango. Kisha nikalia, na nikaona aibu, maana kamera ilikuwa bado inarekodi.

Baada ya saa moja akafika, ovaroli lake la ufundi bomba limelowa hadi magotini.

"Nani amefariki?" akauliza mlangoni. "Nilikuwa chini ya sinki la watu, nikatoka nikakuta simu kumi. Nikajua ni msiba."

Nikamwambia ukweli, kwamba ni filamu. Nilitegemea ageuke aondoke. Akakaa kwenye kitanda cha shangazi.

"Miaka mitatu hupokei, kaka," nikasema.

"Miaka mitatu hupigi, mdogo wangu. Inaita mara mbili unakata. Nikiishika, imeshakatika. Nikasema huyu hataki kuongea, anataka tu aseme alipiga."

"Si ungepiga wewe?"

"Nilikuwa nasubiri iite mara ya tatu," akasema. "Nami nina kiburi changu."

Na ni kweli. Nilikuwa naogopa apokee.

Chifu akataka kipande cha mwisho, mimi natoka peke yangu kwa huzuni. Kaka akachukua mkoba wangu.

"Si umesema nikuchukue? Twende."

Chifu akaturekodi kwa nyuma, mimi peku, viatu mkononi. Filamu ikakabidhiwa zikiwa zimebaki dakika tisa.

Hatukupata hata cheti. Jaji mmoja aliandika kwamba kipande cha simu kimetiwa chumvi. Mtu aliyenuna hawezi kupokea na kuja kirahisi hivyo.

Kaka alisoma maoni hayo jikoni kwangu, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

Wewe unayesoma hapa, yupo mtu unayesema hapokei. Mpigie leo, hata kama umechoka. Ila usikate, iache iite.