Maharage Juu ya Gari

Gari nililinunua Tunduma kwa bei chee, limegongwa mbele na taa moja inaning'inia, likavutwa kwa kamba nyuma ya lori hadi nyumbani Nanyala. Mama aliliangalia mara moja tu. Wiki hiyohiyo akaanza kuanika maharage juu ya paa lake, kwa kuwa bati linashika joto vizuri na kuku hawafiki.

Iliniuma. Ufundi wenyewe nilikuwa najifunzia hapohapo. Siku ya kwanza niling'oa nyaya zote nne za plagi kwa mpigo, bila kuweka alama ya ipi inakwenda wapi. Mjinga kabisa! Kila nikiliwasha, linakohoa na kuzima. Jumamosi moja nikachukua chaki, nikazipa nyaya namba, nikajaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine.

Likawaka. Likawaka kweli! Nilipiga kelele, nikaruka ndani, nikaingiza gia na kulirudisha nyuma kwa kasi, sikumbuki kitu kingine chochote duniani. Maharage yakaporomoka kwenye kioo cha mbele kama mvua ya mawe. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, nikajua nimekwisha. Alisimama akilitazama gari likinguruma. Kisha akainama, tukaokota maharage pamoja.

Jumatatu asubuhi alikuja tena uani na maharage yake kwenye ungo. Safari hii hakuyamwaga. Alisimama kando ya gari, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, leo linatoka?"