Nahodha Aliyemzika Baba kwa Simu

Nahodha wetu alikuwa mwanamke wa Ayalandi, mabega mapana, sauti ya muuza samaki. Tulijuana kazini. Tulikuwa tukimhudumia bibi mmoja mzee nyumbani kwake, mji wa Richardson kando ya Dallas, mimi zamu ya asubuhi, yeye ya mchana. Siku moja nikijitayarisha kutoka, alinirushia boksi la glavu kutoka upande wa pili wa jikoni, bila kuniambia. Nililidaka kwa mkono mmoja.

"Umejifunza wapi hiyo?" akaniuliza.

"Netiboli. Shuleni, Mombasa."

"Jumamosi una kazi?"

Ndivyo nilivyokuwa golikipa wa timu ya wanawake ya Dallas, katika mchezo wa kwao Ayalandi ambao sikuwahi kuuona hata kwenye televisheni. Mpira ni wa duara kama wa kandanda, lakini unaruhusiwa kuudaka, kukimbia nao hatua nne, kuudundisha, kuupiga teke au ngumi. Ukipita chini ya mtambaa wa panya ni goli, pointi tatu. Ukipita juu yake, baina ya milingoti, ni pointi moja. Nilivaa suruali ndefu ndani ya bukta na kuukaza mtandio kichwani. Mume wangu aliniangalia kutoka juu hadi chini.

"Na watoto Jumamosi nani atawapikia?"

"Baba yao."

Akapika. Wali uliungua, lakini alipika.

Ubingwa wa kanda yetu ulikuwa wa mtoano: ukifungwa mara moja, umekwenda nyumbani. Tulianza kwa kuwatoa wanawake wa Austin, kwa bahati zaidi kuliko ujuzi. Mechi ilipokwisha, nahodha alikaa kwenye buti la gari lake, magoti yana damu, akampigia simu baba yake. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha kucheza, na alitaka kusimuliwa kila pointi, nani kafunga na kwa mguu gani. Siku hiyo nahodha alinipa simu. Lafudhi ya mzee sikuielewa, ikabidi binti yake anitafsirie Kiingereza kwa Kiingereza.

"Anasema mpira wa chini unauogopa. Upige magoti."

"Amejuaje?"

"Nimemwambia mimi."

Nusu fainali tuliishinda pia. Wiki iliyofuata mzee alianguka uani kwake. Kiharusi.

Nahodha hakuwa na karatasi. Alikuja kutembea, akakaa, akaolewa, akazaa, na muda wa viza ulikwisha zamani. Wakili alimweleza waziwazi: akitoka sasa, huenda asiruhusiwe kurudi kwa miaka kumi. Binti yake alikuwa na miaka mitatu. Tulipokuwa tukipokezana zamu, alisimama nami kwenye ukumbi, bibi amelala chumbani.

"Mama yako alipofariki, nawe ulikuwa hapa unangoja karatasi," akasema. "Ulifanyaje?"

"Sikufanya kitu."

"Hata kidogo?"

"Nilifua nguo. Nguo zote za nyumba, hata zilizokuwa safi."

Aliniangalia kama anayengoja niendelee. Nilitamani nimpe njia, jina la mtu, hata uongo wa kumtuliza. Nikamwambia kwamba bibi amekunywa dawa zake, nikachukua mkoba wangu, nikatoka.

Mzee alifariki Alhamisi. Maziko yaliwekwa Jumapili saa nane mchana kwao, ambayo ni saa mbili asubuhi Texas. Fainali ilikuwa Jumapili hiyohiyo saa nne, Houston. Tulimwambia tutacheza bila yeye, au tusicheze kabisa.

"Na mimi nikae nyumbani nifanye nini?" akauliza.

Jumamosi tulilala mji wa Katy, karibu na Houston, nyumbani kwa rafiki wa mmoja wetu. Asubuhi, kwenye maegesho ya uwanja, jua lilikuwa limeshachoma na jezi zimetuganda migongoni. Kaka yake alishika simu juu ya kaburi kule, na yeye akapiga magoti kwenye lami huku, simu ameiweka sauti ya juu. Tulimzunguka. Tulisikia upepo, sauti ya padri, mtu akikohoa. Halafu ikakatika.

Alipiga tena. Haikupokelewa. Wanawake kama kumi tulimnyooshea simu zetu kwa pamoja, akajaribu moja baada ya nyingine. Kaka yake alipopokea, watu walikuwa wanaondoka makaburini.

"Wameshamaliza," akatuambia.

Nilisema kwa sauti ndogo yale tunayosema sisi kwenye msiba. Akaniuliza maana yake.

"Sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea."

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kufunga plasta vidoleni.

Alicheza vibaya. Mipira aliyokuwa akiidaka amefumba macho ilimponyoka, na wenzake wakaendelea kumpa kwa sababu hakuna aliyeweza kumnyima. Kocha hakuwa na moyo wa kumtoa. Golikipa huona uwanja wote, na kazi yake ni kubaki alipo. Nikabaki. Dakika za mwisho tukiwa sare alipata mpira wa adhabu, karibu, mbele ya milingoti kabisa. Akaupiga pembeni. Houston wakaja upande wangu wakapata pointi moja, ikatosha. Alisimama katikati ya uwanja mikono kiunoni, na mumewe ndiye aliyeingia kumchukua.

Njiani kurudi, mumewe akiendesha, tulisimama kula kuku. Alikula vipande vitatu, kisha akalala kiti cha nyuma, kichwa kwenye bega langu, mpaka tukaingia Dallas. Bega lilikufa ganzi. Sikulisogeza.

Mwaka uliofuata timu haikutimia. Karatasi zake zilitoka baada ya miaka kadhaa, mimi nikiwa nimeshahamia Mansfield, na nilisikia alikwenda kwao akakaa mwezi mzima.

Lakini Jumatatu ile alikuja kazini kwa wakati wake. Bibi mzee alikuwa amengoja habari.

"Mmeshinda?"

"Hatukushinda," nahodha akamjibu.

"Pole, mwanangu," akasema bibi, akidhani ni mpira tu. Kisha akaomba ageuzwe upande wa dirisha, tukamshika huku na huku tukamgeuza.