Siku Bibi Alipomficha Kaka

Juzi nilikuwa Bunda, dukani kwa kaka yangu, tukitazama kwenye simu yake vijana wa ughaibuni wakichaguliwa kuingia timu za besiboli za kulipwa. Timu huchagua kwa zamu. Jina linatajwa, kijana anavaa kofia, mama yake analia. Wa kwanza alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto, kama kaka. Ukumbi mzima ulipiga makofi, na mimi, ndugu yangu, makofi mengi hunitia wasiwasi. Najiuliza anayepiga anapata nini.

Wasiwasi huo nimeurithi kwa Bibi. Tulilelewa naye nje kidogo ya mji, katikati ya mashamba ya pamba, kwenye harufu ya samadi na maziwa ya mgando. Asubuhi kaka alifukuza ndege kwenye mtama kwa mawe, na jiwe lake lilikosa kwa nadra. Jioni tulikula ugali wa muhogo kwa samaki, sato wa ziwani. Kichwa cha sato kilikuwa cha Bibi, hakuna aliyethubutu kukigusa.

Besiboli ililetwa na mwalimu wetu wa michezo, akiwa na gongo moja la kupigia mpira na glavu chache zilizochakaa. Kisha akaja mgeni, akasema Jumamosi atachagua mchezaji mmoja wa kusomeshwa bure shule ya mbali. Alipomwona kaka akirusha, alimbinya bega, akamuuliza anakula nini, halafu akamgeuzia mgongo na kuanza kuwasifu wengine.

Bibi alikuwa amemletea mwalimu mayai, akashuhudia kila kitu. Maisha yake yote alikuwa akiuza ng'ombe mnadani.

"Mnunuzi akimpendaga ng'ombe, haangaliagi mara mbili," alituambia jikoni. "Anabinya, anageuka. Huyu anamtaka mtoto wangu, na hajasema anamtaka wa nini."

Kwetu ng'ombe bora hakuachwa zizini wanunuzi wakija. Alipelekwa kwa ndugu. Ijumaa Bibi akamtuma kaka aende Kibara kwa shangazi, eti anaumwa. Kaka alimkuta shangazi mzima kabisa, anaanika dagaa. Jumamosi akachaguliwa mtoto wa jirani, ambaye mkono wake ulikuwa wa kawaida tu. Kaka aliporudi na kusikia, alikwenda nyuma ya nyumba akarusha mawe kwenye kisiki mpaka giza likaingia. Tulikuwa tunamsikia. Iliniuma sana.

Miaka ikapita tukingoja habari mbaya za yule mtoto, Bibi akizingoja kuliko sisi. Habari hazikuja. Alirudi mwenyewe, amemaliza chuo, ana kazi Musoma, amenenepa. Alimletea Bibi sukari. Kabla ya kuipokea, Bibi alimkagua meno na mabega taratibu, akitafuta kasoro iliyofichwa. Hakuiona.

Ikafika jioni. Alipopakua, kichwa cha sato alikiweka kwenye sahani ya kaka, na ikawa hivyo hadi tulipomzika.

Leo kiwanja kile tulichochezea besiboli kimejaa fremu za maduka. Zizi halipo, mtama hatulimi tena, na mkono wa kaka unapima mchele. Kwenye simu, jina la pili lilikuwa linatajwa.

"Huyo wa kwanza," kaka akaniuliza, "kwao hawakuwaga na bibi?"

Nilicheka, kisha nikamtazama: alikuwa anauliza kweli.