Shikamoo Iliyovunja Dawa

Nilipokuwa mtoto, usiku wa nyumbani kwetu ulikuwa na sauti moja: kikombe cha bati kikianguka sakafuni. Kiligonga, kikazunguka, kikatulia. Halafu kimya. Mimi nililala chumba cha pili, na nilijua bila kuambiwa kwamba mama ameamka na kiu, amekishika kikombe kwa mkono wa kulia kwa mazoea, na mkono umemwacha tena.

Mkono ule ulianza kumwacha wiki ile tuliyomzika mdogo wangu. Alikuwa na miezi mitano. Homa ilimpata jioni, na kabla ya alfajiri mama akaondoka naye kwa miguu kwenda hospitali ya Litembo, amemlaza kwenye mkono wa kulia, baba akitangulia na tochi. Hawakufika. Waliporudi, jua lilikuwa limeshapanda, na mama alikuwa bado amemlaza vilevile. Majirani ndio waliomfungua vidole, kimoja kimoja, wakamchukua mtoto.

Kwa ukoo wa mama, upande wa ziwani, mtoto anayekufa kabla ya kuota meno hatajwi tena kwa jina. Walisema ukimtaja hugeuka njiani, akarudi kumchukua ndugu yake aliyebaki. Kwa hiyo jina lile, ambalo nililiimba kila siku nikimbembeleza mgongoni, lilifungwa siku moja na nikakatazwa. Nyumba nzima ikajifunza kulipita pembeni, kama watu wanavyopita pembeni ya shimo.

Hospitali walimpima mama kwa utaratibu. Daktari kijana alimgonga kiwiko kwa nyundo ndogo, akampiga picha, akamwambia mifupa ni mizima na mishipa ni mizima. Akamwuliza kama kuna jambo lililompata. Mama akasema hakuna. Basi akampa mpira wa kitambaa, aufinye asubuhi na jioni. Mama aliuweka juu ya kabati, ukakaa huko ukipata vumbi.

Msimu wa kahawa ukafika. Mama hakuweza kuchuma. Hakuweza kushika jembe, na kwetu Umatengoni, ambako shamba ni mashimo yaliyochimbwa safu kwa safu kwenye mteremko, mwanamke asiyeshika jembe huonekana na kijiji kizima, toka mlima wa pili. Shangazi yangu, dada yake baba, aliuliza mbele yangu, kwa sauti ya kuuliza bei ya chumvi, kama kwao ziwani hawana mahali pa kumpumzisha. Baba hakumjibu. Nilikuwa na miaka kumi, na nilielewa vizuri sana: mkono usipopona, mama ataondoka.

Aliyekuja na njia alikuwa Mjomba Bosko, kaka yake mama, mtu wa utani, aliyepandisha magunia ya usipa, dagaa wa kwao, kutoka ziwani kuja kuuza Mbinga. Alisema shangazi yao, Bibi Eda wa Lipingo, anajua mikono ya namna hiyo. Sharti lilikuwa moja. Dawa ya mkono uliobeba mtoto lazima ichukuliwe na mtoto aliyebaki.

Basi Mjomba akanipeleka. Nilitarajia mtu wa kutisha. Nikamkuta mwanamke mwembamba anaanika usipa kichanjani, anaimba wimbo wa kanisani kwao, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilipiga goti nikamwamkia, akanishika kichwa. Kabla yetu alikuwepo mwanaume mwenye kidonda mguuni, na harufu yake ilitufikia mlangoni. Bibi Eda alikitazama kidonda kidogo tu, akamwambia hiki si changu, panda gari leo uende hospitali. Mwanaume akaanza kubembeleza. Bibi akamwambia hatalisema mara ya pili.

Mimi alinichukulia muda. Aliuliza mama anakula nini, analala vipi, anapenda wimbo gani, mara ya mwisho alicheka lini. Sijapata kuona mtu anauliza habari za mtu asiyekuwepo kwa bidii kama ile. Kisha akasaga mizizi yake, akaifunga kwenye jani la mgomba, akanitazama.

"Unajua kunyamaza?"

Mjomba akacheka. "Huyu Skola? Huyu anaongea hata akilala, shangazi."

"Basi dawa itakuwa kali," akasema Bibi Eda.

Akanieleza. Tangu nifunge dawa kiunoni mpaka nivuke kizingiti cha mama, neno lisitoke kinywani mwangu. Nisimwamkie mtu. Nisimwitikie mtu. Neno moja tu, dawa imevunjika.

"Hata padre?" niliuliza.

"Hata padre."

Masharti mengine yalikuwa ya mama, akampa Mjomba ayabebe: anywe asubuhi tisa, kikombe akishike mwenyewe kwa mkono ulio mgonjwa, siku ya kwanza maji ya kufunika kitako cha kikombe tu, kila siku yaongezwe kidogo. Na lingine moja, ambalo Mjomba aliambiwa pembeni, na mimi sikulisikia.

Safari ile naikumbuka kwa mashavu yangu. Kwenye lori la Mbinga watu walinisalimu, walinitania, walinipa muwa, na mimi nilitazama mbele kama sanamu. Mjomba akawaambia naumwa jino. Hilo likawa kosa, maana lori zima likageuka waganga. Mmoja akatoa karafuu. Mwingine akasema nisukutue maji ya chumvi. Mama mmoja wa makamo akataka kuliona lenyewe, akaniomba nipanue, na Mjomba akalazimika kusema ninauma. Nilitaka kucheka mpaka machozi yakanitoka, nao wakasema maskini, limemzidia.

Tukabadilisha gari Mbinga. Jioni Mjomba akanishusha njia panda ya kwetu, yeye akaendelea kuwahi mzigo wake. Masharti ya mama alikuwa ameyaandika kwenye kikaratasi, akakikunja na kukitia mfukoni mwangu. Ilibaki miteremko miwili. Niliipanda nikihesabu hatua kichwani, na kila hatua nilijisikia mkubwa. Nilikuwa nimenyamaza toka alfajiri. Nilikuwa nambeba mama.

Kwenye kona ya kahawa za kanisa akatokea Mzee Kolumba, katekista, jembe begani. Ndiye aliyenifundisha ishara ya msalaba. Ndiye aliyetusimamisha mstari mzima, Jumapili baada ya Jumapili, akisema mtoto asiyemwamkia mkubwa hajabatizwa hata kama amelowa. Akasimama. Akaningoja.

"Shikamoo, baba katekista."

Sikuitoa mimi. Kinywa ndicho kilichoitoa, magoti yakasaidia. Mzee Kolumba akaitikia marahaba kwa furaha, akaenda zake, na mimi nikabaki njiani na jani la mgomba kiunoni, na ndani yake unga wa mizizi usio na kazi.

Nilikaa kwenye nyasi mpaka giza likaanza. Nilifikiri kurudi Lipingo kwa miguu. Nilifikiri kuitupa na kusema nimeporwa. Mwishoni nikafanya jambo la woga: nikafuta uso, nikavuka kizingiti cha mama, nikampa dawa na kikaratasi, nikanyamaza. Sasa nilijua kunyamaza.

Asubuhi ya kwanza kikombe kilimtetemeka, akamwaga nusu ya yale maji machache. Ya tatu hakumwaga. Mimi nilichungulia mlangoni, nikijua ninachokiona ni mizizi mitupu. Usiku wa sita nililala macho wazi nikingoja sauti ya bati. Haikuja. Nilisikia mama akiamka, nikasikia maji yakishuka kooni mwake, nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya stuli, taratibu. Niliketi kitandani. Niliwahi kusikia kanisani habari za bahari kugawanyika, lakini ule ndio ulikuwa muujiza wangu wa kwanza, na ulikuwa muujiza ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeuharibu.

Asubuhi ya tisa alinisuka nywele kwa mikono miwili. Msimu uliofuata alichimba mashimo yake mwenyewe mteremkoni, na shangazi yangu akaacha kuuliza maswali.

Nilikaa na siri ile miaka yote ya shule. Niliogopa kwamba nikisema, mkono utasikia. Chuoni nilisomea ualimu na kuandika mashairi, na rafiki yangu wa kitanda cha juu alisomea uuguzi. Nilipomsimulia kisa hiki kama cha mtu mwingine, hakushangaa. Alisema hata kidonge kisicho na dawa ndani humpunguzia mtu maumivu, tena maumivu ya kweli, kwa sababu mwili unaotarajia kusaidiwa huanza kujisaidia. Akasema mkono kama ule mara nyingi huzimwa na msiba, na hurudi kwa kutumiwa kidogo kidogo. Nikaukumbuka ule mpira wa kitambaa juu ya kabati. Daktari yule na Bibi Eda walikuwa wamempa mama kazi ileile. Kwa Bibi Eda aliifanya.

Maelezo ya rafiki yangu hayakuniondolea mshangao hata chembe. Kujua kwamba hakuna nguvu kwenye mzizi kuliufanya mkono wa mama kuwa wa ajabu zaidi.

Lakini lazima niseme na hili, la sivyo nitakuwa mwongo. Mjomba Bosko aliuona mkono ule ukipona, na hakuusahau. Alipougua kisukari, Bibi Eda alikuwa ameshafariki. Mjomba akaacha vidonge, akanywa magome ya mtu mwingine, mtu ambaye hakuwahi kumwambia mgonjwa yeyote hiki si changu. Alinipigia simu akacheka, akasema nisimfundishe, yeye ndiye aliyenipeleka Lipingo. Alikunywa kwa imani kubwa kuliko ya mama. Tulimzika mwaka jana. Imani ilimpa usingizi mzuri na ikamwacha afe, na nikifikiria hilo sijui niiweke wapi ile furaha ya usiku wa sita.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani. Usiku wa kwanza niliisikia: bati, sakafu, mzunguko, kimya.

Asubuhi nilimkuta mama uani, anachambua kahawa kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameulaza mapajani kama kitu cha kuazima. Nilikaa naye kando ya ungo. Nikasema haraka, kabla sijajizuia, kwamba ile dawa ya Lipingo niliivunja. Nilimwamkia Mzee Kolumba.

Mama hakuacha kuchambua. "Najua. Dawa za shangazi Eda hubebwa kimya, hilo kwetu linajulikana, na mzee alikuja usiku uleule kunisifu. Akasema, mama Skola, umelea. Mtoto kafura mashavu kama kabeba maji mdomoni, na bado kaniamkia."

"Na ukainywa?"

"Nikainywa."

"Ukijua imeharibika?"

"Imeharibika kwa shangazi Eda, sawa. Lakini nilikuona ulivyoingia pale mlangoni. Nikasema, huyu msema sana ameweza kufunga mdomo toka Lipingo mpaka kona ya kanisa, kwa ajili ya mkono wangu. Mimi nitashindwa kushika kikombe?"

Niliingiza mkono kwenye ungo, nikachambua naye. Miaka yote nilijiona mtoto aliyeimwaga dawa, kumbe shikamoo ile ndiyo iliyomwambia mama kwamba nilikuwa nimenyamaza. Alikunywa akijua kila kitu, na bado mkono ulimrudia. Hilo hakuna aliyenifundisha chuoni, na silijui jina lake. Najua tu kwamba lilisaidia kweli, kwamba lisingeweza kumsaidia Mjomba, na kwamba lilihitaji mtu wa kulibeba mpaka mlangoni.

"Wewe ulivunja lako," mama alisema baadaye. "Na mimi nilivunja langu. Kile kikaratasi kilikuwa na sharti la mwisho. Siku ya tisa, nikimaliza kunywa, nimtaje mdogo wako kwa jina. Shangazi Eda alisema mkono hauwezi kumweka chini mtu ambaye kinywa kinamficha. Nilishindwa. Nilikuogopea wewe, ndiye uliyebaki. Nikadhani mkono umepona hivyohivyo. Sasa Bosko ameondoka, na huu hapa umerudi kulala."

Akainuka. Akaenda kwenye ndoo, akachota maji kwa kikombe kilekile cha bati, akakijaza mpaka ukingoni, akakihamishia mkono wa kulia. Maji yalitetemeka. Niliinuka nikitaka kukidaka, akanikataza kwa macho. Alisimama akitazama njia ya Litembo, pale inapopotea kwenye migomba, akanywa mpaka mwisho, akakirudisha kikombe juu ya kifuniko cha ndoo bila sauti.

"Osmundi," alisema.