Nilikubali kumficha binti yangu ugonjwa wa mama yake, ili amalize PhD ya kompyuta

Wakuu,

Mke wangu aliniomba tumfiche binti yetu kwamba anaumwa, ili binti amalize PhD yake. Nilikubali. Nilipaswa kukataa palepale.

Nimeanza na hilo kwa sababu najua wengine humu husoma mistari ya juu na kupita. Ukiishia hapo, la maana umelipata.

Mliobaki, ndaga fijo, ndivyo tunavyoshukuru kwa Kinyakyusa. Mimi ni mzee wa Bujonde, Kyela. Elimu yangu kidato cha nne. Nalima mpunga na kokoa kidogo. Jina la binti nimelibadilisha, mengine yote nimeyaishi na sina sababu ya kuyapamba.

Binti nimwite Tuse. Ndiye mtoto wetu pekee.

Tuse alikwenda Ulaya kusomea PhD ya sayansi ya kompyuta. Mwanzoni sikuelewa anasoma nini hasa. Alinieleza akiwa likizo, tumekaa barazani.

"Baba, naifundisha kompyuta isikie Kinyakyusa. Mtu akiongea, yenyewe iandike."

"Sasa kompyuta ikishajua Kinyakyusa itaongea na nani huko?"

"Na wewe, baba. Uiulize bei ya kokoa bila kuandika."

Mama yake akacheka. "Ataibishia bei mpaka izime."

Ili kompyuta ijifunze, ilihitaji sauti nyingi sana. Hapo ndipo mke wangu alipoingia. Tuse alikuwa anatuma picha kwa WhatsApp, mama yake anaiangalia, anaieleza kwa Kinyakyusa kwenye voice note, anairudisha. Picha yoyote: mbwa, soko, watu wanapalilia, barabara ya Ulaya yenye theluji.

Ya theluji naikumbuka. Alisema huko kuna mtu kamwaga unga barabarani na hakuna hata mmoja anayeuzoa, watu wavivu. Tuse akatuambia supervisor wake alipotafsiriwa alicheka hadi akavua miwani.

Mke wangu alikuwa na Kinyakyusa kizuri kuliko changu. Akikaa kurekodi, anafukuza kuku, ananifukuza na mimi.

Niseme na hili, maana bila hili mtanionea huruma nisiyostahili. Mimi nilipenda sifa. Shule yangu iliishia njiani, na sasa mtoto wangu anakwenda kuwa daktari wa kompyuta. Pale Mbugani, penye maduka yetu, walishaanza kuniita Baba Dakta.

"Baba Dakta, huyo dakta wako ana sindano?"

"Ni wa kompyuta, siyo wa hospitali."

"Basi aje atibu simu yangu, imelazwa haili chaji."

Nilijifanya kukasirika. Moyoni nilikuwa naenda Mbugani kwa ajili ya kuitwa hivyo.

Halafu mke wangu akaanza kukonda.

Tulikwenda hospitali hapa, tukapelekwa Mbeya. Kansa ya tumbo, imeshasambaa. Daktari alituambia kwa upole tumrudishe nyumbani, akae na watu wake.

Kwenye gari tukirudi, kabla hatujafika Tukuyu, akanishika mkono.

"Baba Tuse, usimwambie. Akisikia atapanda ndege kesho. Akija, hiyo shule imekufa."

Nikasema sawa. Wala sikufikiria. Amebakiza muda kidogo, nikajiambia, tutafika wote.

Wakuu, hapa ndipo ujinga wangu ulipo. Mimi nilidhani PhD ni kama mtihani wetu wa kidato cha nne. Ukikosa siku, umekosa, rudi shambani. Sikumwuliza Tuse, sikumwuliza mwalimu yeyote, sikuuliza hata humu. Ningeuliza ningeambiwa.

Basi tukaishi na uongo. Tuse akipiga, mama yake anakaa kwanza, anavuta pumzi, ndipo anapokea. "Mafua tu, mwanangu, si unajua mvua za Kyela." Akikata anajilaza ukutani.

Siku alizojisikia nafuu alirekodi sauti nyingi kwa mpigo, za picha alizokwisha kutumiwa, ziwe akiba. Akaniambia nitume mojamoja kwa simu yake, ili Tuse aone mambo ni ya kawaida. Nami nikatuma. Nikishatuma nafuta, maana simu ilikuwa imejaa.

Sasa nifike pale ambapo sijawahi kumweleza mtu ila Tuse mwenyewe.

Siku za mwisho mke wangu hakuwa tena na nguvu ya kukaa. Nilikuwa namlisha uji. Akaukataa, akaniangalia, akauliza kwa sauti ndogo:

"Tuse anakuja lini?"

Nikamwambia, "Akimaliza."

Akageukia ukutani.

Aliyeniomba nifiche alikuwa ameghairi. Sikuhitaji kuelezwa zaidi ya pale. Simu ilikuwa mfukoni, ina salio. Sikupiga. Nilijiambia maumivu ndiyo yanayoongea. Ukweli ni kwamba nilikuwa nahesabu PhD imebakiza muda gani.

Akafariki kabla ya wiki kuisha.

Kikao cha ukoo kikaniuliza kuhusu Tuse. Nikasema marehemu ndiye aliyetaka asiambiwe mpaka amalize. Nusu ya ukweli, na nusu ile nyingine niliimeza. Wazee wakakubali kwa sababu ya neno la marehemu. Grupu letu la WhatsApp Tuse alikuwemo, kwa hiyo likafunguliwa jingine asimokuwemo, la kutangaza msiba.

Aliyenipinga ni mmoja tu, Bi Zuhura mwenye duka pale Mbugani, asili yake Tanga. Alikuja na kanga zake kumlilia rafiki yake, akaniita pembeni.

"Mzee wangu, mwana yuko wapi?"

"Anasoma."

"Mimi nakuuliza mwana, wewe wanijibu shule! Mficha maradhi, kilio humfichua. Mpigie mtoto, maiti angalipo ndani."

Nikamwambia huo ni uamuzi wa ukoo. Akanitazama, akasema, "Haya. Mimi nimeshalisema," akarudi kwa wanawake.

Tukazika. Kwetu mtoto wa kike kumzika mama yake ni jambo zito. Wanawake walilia wakiliita jina la Tuse, na mimi nimesimama pale kama mtu asiyejua Kinyakyusa.

Baada ya hapo Tuse akitaka kuongea na mama, nilisema kavuka mpaka, yuko Karonga, Malawi, kwa dada yake, laini haishiki. Akituma picha, natuma sauti ya akiba. Nilikuwa nachagua inayofanana na picha, maana nilidhani huko inasikiliza kompyuta tu.

Akiba ikaisha.

Ikaja picha ya soko. Nikapanda juu kwenye mazungumzo ya zamani, nikakuta sauti ya mke wangu akieleza soko jingine. Nikaituma tena.

Kesho yake mchana nilikuwa nageuza kokoa juani, simu ikaita.

"Baba, sauti ya jana programu yangu imeikataa. Inasema ninayo tayari."

"Labda mtandao, mwanangu."

"Mtandao haufanyi hivyo. Mpe mama simu."

"Si nilikwambia yuko Karonga?"

"Simu yake unayo wewe?"

"Ndiyo."

"Basi sauti za wiki hizi zote alirekodi na nini?"

Nikaacha kugeuza kokoa.

"Tata." Aliacha Kiswahili, akaniita kama alivyoniita alipokuwa mdogo. "Mama yuko wapi?"

"Tumemzika, mwanangu."

Sikusikia kilio. Nilisikia kiti kikisogea. Akauliza lini, nikamwambia. Akauliza ugonjwa, nikamwambia. Kisha akauliza:

"Aliniulizia?"

Ningeweza kumdanganya hata hapo. Nilishachoka kudanganya.

"Aliuliza unakuja lini."

"Ukamjibu nini?"

"Ukimaliza."

 Akasema polepole, kama anamweleza mtoto:

"Baba, chuo kinaruhusu kusimama. Barua moja tu kwa supervisor. Mwenzangu hapa alisimama mwaka mzima kumuuguza baba yake, karudi, anaendelea. Ningekuja, nikakaa na mama mpaka mwisho, nikarudi kumaliza. Mlishindwa nini kuniuliza?"

Nikaanza, "Mwanangu..."

Akakata.

PhD alimaliza, wakuu. Habari hiyo niliipata kwa mdogo wangu, ambaye ndiye Tuse huwasiliana naye. Alinionyesha picha: joho, kofia, macho ya mama yake. Niliomba anitumie, akasema Tuse kamkataza.

Fedha za matumizi yangu na dawa za presha Tuse huzituma kupitia huyo mdogo wangu. Humuuliza, "Baba anaendeleaje?" Mimi haniulizi. Nikipiga hapokei.

Pale Mbugani bado wananiita Baba Dakta. Sasa nanunua chumvi yangu na kuondoka.

Kinachoniuma kila siku ni sauti. Simu ya mke wangu iliharibika, na zilizobaki zilikwenda nayo. Kicheko cha mke wangu, namna alivyofukuza kuku kabla ya kuanza, vyote viko kwenye kompyuta za Ulaya. Mimi niliyelala naye chumba kimoja maisha yangu yote sina hata neno lake moja. Aliye nazo ndiye nisiyeweza kumwomba.

Nilichojifunza: mtoto mkubwa mwachie aamue mwenyewe kuhusu mzazi wake. Huo uchungu ni haki yake, usimlinde nao. Na jambo la shule usilolijua, uliza. Kuuliza hakukuvui heshima.

Vijana mnaosoma PhD, waelezeni wazazi wenu mambo yanavyokwenda huko, hata yale mnayoona ni ya wazi. Sisi hatujui.

Na kama yupo humu aliyewahi kumkosea mtoto wake kiasi hiki, wakapatana, aniambie alianzia wapi. Matusi pia nitayasoma, andikeni.

Nilitaka mtoto wangu awe daktari, na amekuwa. Mke wangu alikufa akimngoja mtu ambaye mimi sikumwita, na binti yangu yu hai, lakini sina binti tena.