Nilimrudisha Amnawishe

Kanisa letu hapa Kibaha ndilo lililonipeleka kozi ya ulinzi wa mtoto. Niliporudi nikawa natumwa huku na huko kufundisha wazazi na walimu wa dini, leo kanisani, kesho madrasa, maana mashehe na wachungaji walikubaliana kwamba jambo hili halichagui dini. Nilikuwa na chati za manila na kalamu nene za rangi tatu. Nilijiona najua.

Jumamosi moja nilifundisha Kisarawe, kanisani. Mchana akina mama wakaleta pilau, na watoto wakaja kutunawisha mikono. Binti mmoja wa miaka kama tisa alishika jagi na beseni. Akaanza na mchungaji, akaja kwangu, akaendelea kwa wazee wa kanisa mmoja mmoja, kila mmoja na shikamoo yake. Alipofika kwa mwalimu wa kwaya ya watoto, akampita. Akamnawisha aliyekaa baada yake.

Watu walicheka. Mwalimu naye alicheka, mikono ameikinga hewani. Na mimi, mgeni rasmi, mwenye chati zangu, nikamwita yule mtoto.

"Mwanangu, mwalimu wako humwoni? Rudi umnawishe. Na shikamoo hujampa."

Akarudi. Maji mengi yalimwagika chini kuliko yaliyoingia kwenye beseni. Akaamkia, akaitikiwa marahaba, na mimi nikampongeza mama yake kwa malezi mema.

Saa nane nikabandika chati ya dalili. Mojawapo ilisema mtoto anaweza kuanza kumkwepa mtu mmoja bila sababu inayoonekana. Niliisoma kwa sauti na kuitolea mfano wa mjomba wa kubuni. Nikauliza kama kuna swali. Hakukuwa na swali, nami nikakunja chati zangu nikarudi nyumbani nimeshiba.

Wiki mbili baadaye mama yake alinifuata nyumbani kwangu Kongowe, amemshika mtoto mkono. Alisema mtoto amekataa kwenda mazoezi ya kwaya, amechapwa na baba yake, bado amekataa, na yeye kakumbuka ile chati. Yeye ndiye aliyekumbuka. Mtoto akaeleza aliyofanyiwa na mwalimu wake, kwa sauti ndogo, macho sakafuni. Sitayaandika hapa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Twende ustawi wa jamii, tukaenda. Twende polisi, dawati la jinsia na watoto, tukaenda, maelezo yakachukuliwa. Hospitali, tukaenda. Nilimwambia yule mama, "Dada, hapa sasa sheria itafanya kazi yake." Niliyasema hayo kwa uhakika wa mtu anayeuza dawa mnadani.

Wazee wa kanisa wakaitisha kikao nyumbani kwa baba wa mtoto, na mimi nikaitwa nijieleze. Nilikuta wameshaomba, wameshakunywa chai. Mmoja wao, mzee mpole kabisa, ndiye aliyeanza.

"Mama, sisi siku ya semina tulikuwepo. Huyu binti alimnawisha mwalimu mikono mbele yetu sote, akamwamkia. Mtoto aliyetendewa ubaya atafanya hivyo?"

"Alimruka, mzee wangu. Mimi ndiye niliyemrudisha."

"Ulimrudisha kwa sababu uliona ni utovu wa adabu tu. Wewe, mtaalamu. Leo unataka sisi tuone nini?"

Sijawahi kuchukia akili yangu kama siku ile. Baba wa mtoto alikuwa ameinamia vidole vyake. Mama hakuruhusiwa kuongea, alikuwa jikoni anaosha vikombe tulivyonywea. Wakasema nyumba ya Mungu isichafuliwe, mambo yamalizwe kindugu. Funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe nilikuwa mimi.

Baada ya hapo baba hakufika polisi, wala hakumruhusu mkewe arudi huko. Nilipofuatilia niliambiwa jalada lipo ila mashahidi hawaji. Mwalimu wa kwaya alipumzishwa mwezi mmoja, kisha akarudi kufundisha. Nilimpigia mchungaji wao simu nikalia, nikapiga kelele, nikamtukana hata, akaniambia ataniombea. Mtoto ndiye aliyeondolewa. Walimpeleka Dutumi kwa bibi yake, wakasema akapumzike na maneno ya watu.

Nilikwenda kumwona. Bibi alinikaribisha vizuri, akaniambia uhamisho wa shule haujashughulikiwa, mtoto yupo tu, anasaidia shamba. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya mihogo. Alikuwa amekonda. Aliniamkia kabla sijamfikia, haraka haraka, na hilo peke yake lilinitoa machozi. Nikakaa chini karibu naye nikamwomba msamaha. Nilimweleza kwamba siku ile nilikosea, kwamba kosa halikuwa lake hata kidogo, kwamba alifanya vizuri kusema ukweli. Aliendelea kumenya. Nilidhani hanisikilizi.

"Nikisema nilidanganya," akaniuliza, "nitarudi nyumbani kwa mama?"

Nikamwambia asiseme hivyo, hakudanganya.

"Sasa niseme nini?"

Alisubiri nimjibu. Kisha akachukua muhogo mwingine.